Jembe peke yake halitoshi: historia ya matibabu ya bongo kwa watu waliotoka vitani, mpaka kwetu Bijombo



Najua wengi mtajiuliza: huyu mtu wa agronomia, lisanse yake ni ya udongo na mbegu, anatafuta nini katika mambo ya bongo za watu? Jibu langu ni fupi. Kwetu Bijombo, kule juu ku hauts plateaux, mtu anayekuja kupokea mbegu ya maharagwe au ya viazi mara nyingi ni mtu aliyewahi kubeba bunduki, ao kaka yake alibeba, ao jirani yake. Tunaandika jina lake, tunampa jembe, tunapiga picha, tunashuka. Miezi minne baadaye shamba limejaa magugu. Ripoti inasema ni mvua. Mara nyingine ni mvua kweli. Mara nyingine mvua haina kosa lolote.

Nilifanya kazi muda mfupi na shirika moja dogo, jina naliacha. Katika liste yetu kulikuwa kijana mmoja, umri wake kama wangu, aliyetoka porini. Shamba lake lilikuwa zuri kabisa: udongo mweusi, mteremko mdogo, maji karibu. Hakulilima. Nilipomuuliza juu ya nini, akasema tu: "Ndugu, njia ya kwenda kule inapita msituni." Mama yake ndiye aliyenieleza kwamba ndani ya ule msitu ndipo kundi lao lilipigwa siku moja asubuhi, na wenzake wakabaki pale. Usiku halali. Upepo ukipiga mlango, yeye yuko tayari nje. Mchana anakaa nyuma ya nyumba, haongei, hata ng'ombe za baba yake hataki kuziangalia.

Watu wa kijiji walikuwa na majina mengi ya hali hiyo. Wengine walisema ni uvivu. Wengine walisema damu aliyomwaga inamfuata. Wengine walisema amelogwa. Majirani zetu wa Rwanda wana neno ihahamuka, ambalo ndani yake kuko maana ya mtu kukatika pumzi kwa hofu. Madaktari wanaita kiwewe cha baada ya vita, na ile ya kukaa nyuma ya nyumba bila hamu ya kitu chochote wanaiita sonona, ao depresio kama tulivyozoea kusema. Mara nyingi vinatembea pamoja. Na vina historia ambayo inatuhusu Waafrika kuliko tunavyofikiri.

1. Askari ambao usingizi wao hakuna aliyeuandika

Mwaka 1915, daktari Mwingereza Charles Myers aliandika katika jarida The Lancet juu ya askari waliotoka mstari wa mbele Ufaransa bila kidonda, lakini wamepoteza kuona, kusikia harufu, kukumbuka. Ulaya ilianza kujadili: je, ni wagonjwa ao ni waoga? Kuko waliotibiwa, na kuko waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa kosa la kukimbia.

Wakati huohuo, ziwa letu hili la Tanganyika lilikuwa uwanja wa vita kati ya meli za Wajerumani na za Waingereza na Wabelgiji. Septemba 1916, askari wa Force Publique, yaani babu zetu, waliingia Tabora. Mwaka 1941, wengine walitembea mpaka Ethiopia, wakapigana Asosa na Gambela, na jeshi la Italia likajisalimisha kwao Saio. Shuleni tulisoma majina ya miji hiyo. Tulisoma ushindi. Hakuna mwalimu aliyetuambia vile walivyolala walipofika nyumbani, wao na wabeba mizigo waliowafuata nyuma.

Na haikuwa kusahau tu. Daktari J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari kule Nairobi, alitoa kitabu mwaka 1953 kupitia Shirika la Afya Duniani. Humo alisema depresio ni nadra kwa Waafrika, na akalinganisha bongo ya Mwafrika na ya Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Wazo la namna hiyo lina matokeo. Kama umeshaamua kwamba mtu fulani hana moyo wa kuumia, hautamtafutia dawa. Leo hakuna mwenye elimu anayesema maneno yale kwa sauti, lakini kila programu inayompa mpiganaji wa zamani jembe bila kumuuliza anavyolala bado inatembea juu ya barabara ileile.

2. Dawa ilianzia upande wetu wa dunia

Hapa ndipo historia inanifurahisha. Vita vya pili vya dunia, kijana daktari wa Johannesburg, Joseph Wolpe, aliingia jeshi la Afrika Kusini. Alipewa askari waliovunjika akili kwa vita. Namna ya wakati ule ilikuwa kumpa mgonjwa dawa ya kumlegeza ili aseme yote yaliyomkuta, na baada ya kusema, apone. Wolpe aliona kwamba wengi hawakupona. Walisema, walilia, na kesho yake hofu ilikuwa palepale.

Baada ya vita alirudi Chuo Kikuu cha Witwatersrand, akafanya majaribio na paka. Paka waliopigwa umeme ndani ya sanduku walikataa kula ndani yake, hata ndani ya chumba chenyewe. Wolpe akaanza kuwapa chakula mbali, katika chumba kingine ambacho hakikufanana sana na kile. Wakila pale bila kutetemeka, anasogeza chakula karibu kidogo. Siku kwa siku, hatua kwa hatua, mpaka wakala ndani ya lile sanduku lenyewe. Ni majaribio makali, tusifiche. Lakini yalimfundisha kwamba hofu haiondoki kwa kuambiwa iondoke, wala kwa kuikimbia. Inapungua mtu anapokutana nayo kidogo kidogo, mwili wake ukiwa katika utulivu. Mwaka 1958 aliandika kitabu kilichokuwa kati ya misingi ya tiba ya tabia duniani.

Mwangalie tena yule kijana wa Bijombo na njia yake ya msituni. Kila siku anapoikwepa ile njia, anapata nafuu ya saa chache, na nafuu hiyo inamfundisha mwili wake kwamba kukwepa ndiko kuliko muokoa. Basi kesho atakwepa tena, na kesho kutwa atakwepa na barabara kubwa, na soko, na watu. Ndio vile kiwewe kinazaa depresio: maisha yanapunguka, mpaka kinachobaki ni nyuma ya nyumba.

3. Kutoka Vietnam mpaka Imvepi

Jina rasmi la ugonjwa lilikuja mwaka 1980, wakati chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilipoliandika katika kitabu chake cha magonjwa. Halikuja lenyewe. Askari waliotoka Vietnam, pamoja na madaktari waliowaunga mkono, walilipigania kwa miaka. Baadaye Edna Foa alitengeneza tiba ya kurudia kumbukumbu kwa muda mrefu mpaka ipoteze meno yake, na Patricia Resick akatengeneza nyingine, ya kuchunguza mawazo yanayomfunga mtu, kama "ni kosa langu" ao "hakuna pa kuamini". Zote zilikua kwanza kati ya wanawake waliobakwa, kisha zikaingia katika hospitali za maveterani wa Marekani.

Lakini Marekani kuko kliniki na wanasaikolojia. Kwetu je? Jibu lilitafutwa Uganda. Frank Neuner, Maggie Schauer na Thomas Elbert, wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walitengeneza tiba ya masimulizi, fupi, kwa watu ambao vita bado viko karibu nao. Mwaka 2004 walitoa matokeo ya wakimbizi 43 wa Sudan katika kambi ya Imvepi. Baada ya mwaka mmoja, waliobaki na ugonjwa kati ya waliosimulia maisha yao walikuwa 29 kwa mia. Kati ya waliopewa ushauri wa kawaida walikuwa 79 kwa mia. Mwaka 2008 wakatoa matokeo ya kambi ya Nakivale, kwa Wanyarwanda na Wasomali 277. Huko waliotibu walikuwa wakimbizi wenyewe, waliofunzwa. Hawakuwa madaktari. Na mwaka 2011 ikaja kazi ya kaskazini mwa Uganda na vijana 85 waliokuwa watoto-askari: vipindi nane tu, nyumbani kwao, na watibu wa palepale. Dalili za kiwewe zilipungua zaidi kwao kuliko kwa wenzao waliopewa masomo ya kujaza pengo la shule.

Namna yenyewe ni rahisi kueleza, ngumu kufanya. Unalaza kamba chini: ndiyo maisha ya mtu, tangu kuzaliwa. Anaweka maua mahali pa furaha na mawe mahali pa maumivu. Kisha, kipindi kwa kipindi, anasimulia kwa mpangilio. Akifika kwenye jiwe, hapiti mbio. Anasema aliona nini, alisikia nini, mwili ulifanya nini wakati ule, na mwili unafanya nini sasa hapa alipokaa. Msikilizaji anaandika, na kipindi kinachofuata anamsomea. Mwisho mtu anapata karatasi ya historia yake yote. Kumbukumbu iliyokuwa inaruka kila upande inapata tarehe na mahali: ilikuwa pale, siku ile, na imepita.

4. Kwetu Kivu

Wapiganaji walileta shida moja ambayo wakimbizi hawakuwa nayo sana. Katika kambi ya mpito ya Goma, watu wa timu ileile walikuta wademobilize ambao vita viliwatesa, na vilevile viliwapendeza. Usiku wanaota maiti, mchana wanakumbuka vita kama utamu. Kwa hiyo tiba iliongezewa kitu: mbali na maua na mawe, mtu anaweka vijiti kwa mambo aliyowatendea wengine, na anasimulia ile hamu pia bila kuificha. Utafiti wa Goma uliotoka mwaka 2013 ulionyesha kwamba dalili za kiwewe zilipungua kuliko kwa wenzao waliopewa huduma ya kawaida ya kambi.

Mwaka huohuo, Beni, vijana 50, baadhi yao waliotoka vikundini, walijaribiwa na tiba ya kikundi ya vipindi 15, na ilifaulu. Na hapa Sud-Kivu, wanawake 405 waliopitia ubakaji walishiriki katika utafiti mkubwa. Tiba ya Resick iligeuzwa iwe ya mdomo, juu wengi hawakusoma, ikafanywa kwa vikundi na wasaidizi Wakongomani. Miezi sita baada ya tiba, waliokuwa bado na dalili za depresio ao wasiwasi walikuwa 9 kwa mia katika vikundi, na 42 kwa mia kati ya waliopewa msaada wa mtu mmoja mmoja. Si Konstanz hiyo, wala Philadelphia. Ni hapa.

5. Sasa tuangalie jembe

Nchi yetu imetoa wapiganaji porini mara nyingi. Wazee wanakumbuka Uvira ya 1964 na Soumialot. Wazazi wetu wanakumbuka kadogo wa 1996, watoto waliotembea na AFDL. Baada ya 1998 kila mlima ulikuwa na kundi lake. Mwishoni mwa 2003 ikaundwa CONADER, na kambi za brassage zikafunguliwa, moja yake Luberizi hapa kwenye bonde la Ruzizi. Aliyechagua kurudi uraiani alipewa dola 110 za kuanzia, kisha dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja, pamoja na mafunzo ao vifaa. Zaidi ya watu wazima 100,000 walipita katika programu hiyo nchini. Hatua nyingine zilifuata, mpaka P-DDRCS iliyoundwa Julai 2021, ambayo inaweka jamii nzima katikati badala ya kumlipa mpiganaji mmoja mmoja.

Katika hatua zote hizo, bunduki ilihesabiwa, pesa ilihesabiwa, majembe yalihesabiwa. Bongo ilibaki kipengele kidogo mwishoni mwa karatasi.

Mtasema: mtu mwenye njaa anahitaji chakula kwanza. Hoja hiyo ni nzito, na mimi kama mtu wa shamba naiheshimu. Lakini Liberia waliijaribu. Monrovia, wanaume 999 wa mitaani, wengi wao waliotoka katika vita na uhalifu, waligawanywa kwa kura: wengine tiba ya tabia ya wiki nane, wengine dola 200, wengine vyote viwili, wengine hakuna. Pesa peke yake, athari yake iliisha upesi. Tiba peke yake ilisaidia, lakini ikafifia. Waliopata vyote viwili ndio waliobadilika kwa muda mrefu, na watafiti waliporudi baada ya miaka kumi, wizi na ugomvi kati yao vilikuwa bado chini sana. Na tiba hiyo iliendeshwa na wanaume ambao zamani walikuwa wapiganaji wenyewe.

Kwa lugha yetu ya agronomia: mbegu nzuri kwenye udongo wenye asidi kali haitoi, na chokaa bila mbegu haitoi vilevile. Hakuna anayeuliza tuanze na kipi tuache kipi. Unatia chokaa, unapanda msimu uleule.

Na kilimo chenyewe kinaweza kuwa sehemu ya tiba. Kuko namna moja ya kutibu depresio ambayo haisubiri mtu apate hamu ndipo afanye kazi. Inaanza na kazi ndogo iliyopangwa kwa siku na saa, hata kama hamu haiko, na hamu inafuata nyuma. Kule Goa, India, washauri wasio madaktari waliifanya kwa vipindi sita mpaka nane, na depresio kali ikapungua. Fikiria mstari mmoja wa viazi, si hekta. Kesho mistari miwili. Kisha, pamoja na msaidizi aliyefunzwa, hatua ishirini kuelekea ule msitu. Kisha arobaini.

6. Swali gumu la majirani

Najua swali linalokuja, nimelisikia juu ya mlima kwa lugha zote tunazosema kule: "Huyu alichoma nyumba yetu, sasa analetewa mtibu, na mama yangu anaota ule moto kila usiku bila mtu wa kumuuliza hali?" Swali hili ni la haki. Utafiti uliofanywa kwa watu wazima 998 wa Kivu zote mbili na Ituri, ukatolewa mwaka 2010, ulikuta dalili za kiwewe kwa nusu yao, na za depresio kwa 40 kwa mia. Kwa hiyo tiba ikipanda Bijombo kwa ajili ya wapiganaji peke yao, italeta kijicho, na pengine vita vingine. Lazima ipande kwa kijiji: Mnyamulenge, Mfuliiru, Mvira, Mnyindu, Mbembe, aliyepiga na aliyepigwa, na mara nyingi ni mtu mmoja huyohuyo.

Tena kutibiwa si kusamehewa mbele ya sheria. Mtu anayelala usiku anaweza kujibu mbele ya hakimu na kusikiliza aliowaumiza. Asiyelala, mkono wake unarudi kutafuta bunduki, na sisi tunaoishi karibu yake ndio tutalipa. Tumeona vile kijana aliyetoka porini mara moja anavyorudi mara ya pili na ya tatu. Kila tukirudia kuandika jina lake kwenye liste ya majembe bila kugusa kilichomrudisha, tunahesabu upya mtu yuleyule.

Basi ninapendekeza nini? Mambo matatu, yote madogo. Kwanza, sisi tunaofanya kazi katika miradi ya kilimo, tuweke maswali ya usingizi, hofu na huzuni kwenye fishi ya mnufaika, pamoja na mahali pa kumtuma akijibu ndiyo, juu kuuliza bila kuwa na pa kumtuma ni kumuumiza bure. Pili, wenzetu wa saikolojia na wa uuguzi, mlio Bukavu na Uvira: mmeshasoma kwamba Nakivale wakimbizi walifunzwa wakatibu wenzao. Kwa nini walimu wa msingi na wauguzi wa vituo vya afya vya plateaux wasifunzwe, pamoja na mtu wa kuwasimamia? Tatu, kila mradi wa kuwarudisha wapiganaji unaoandikwa katika territoire yetu, tudai tiba na mtaji viwe katika bajeti moja, msimu mmoja.

Barabara ya kupanda Bijombo ni mbaya, usalama unakuja na kuondoka, na siku nyingine hata mbegu haifiki. Lakini tiba hii haihitaji mashine wala friji. Inahitaji kamba, mawe, maua, vijiti, daftari, na mtu aliyefunzwa kusikiliza bila kukimbia. Vile vinne vya kwanza kwetu viko vingi. Huyo mtu wa mwisho ndiye wa kutafuta, na pengine anasoma maneno haya sasa. Mwenye kujua mafunzo ya namna hiyo yanayofanyika karibu na sisi, ao aliyeshiriki, atuambie hapa, wenzake wapate njia.